Mkono wa Mganga Mfawidhi

Bariadi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu umepungua kuvimba? Na Baba, kahawa amemaliza kuchuma au bado anagombana na vibarua? Mimi ni mzima. Hata michembe, viazi vya huku vya kukausha, nimeizoea.

Juzi kwenye simu uliniambia nimsamehe mganga mfawidhi wetu. Sijamsamehe, Mama, na wiki hii nimemlipizia.

Unamkumbuka Mama Doto, muuguzi aliyenipa chumba kwake nilipofika huku. Korona ilipoingia, madaktari wote tulijua la kufanya, mabango yalijaa ukutani. Lakini kila asubuhi kwenye ripoti mganga mfawidhi aliingia bila barakoa, anakohoa, akamnyooshea mkono kila mmoja wetu. "Anayeogopa arudi kwao," alisema. Madaktari wakubwa wakaupokea, na sisi wadogo tukaupokea. Huku mdogo humsalimia mkubwa kwa kuinama na kumshika kwa mikono miwili. Mama Doto alipiga goti kabisa. Nilipomgombeza akanicheka: "Ng'wanone, mwanangu, ningemnyima mkono vipi, mtu mzima yule?"

Mwezi haukuisha, tukamzika Mama Doto kwao Lagangabilili.

Sasa ugonjwa umerudi, na mimi ndiye niliyepewa kusimamia kinga kituoni. Jumatatu akaja, mkono mbele kama kawaida yake. Benchi limejaa wagonjwa, wakulima wa pamba kutoka Nkoma na wake zao, wote wanatazama. Nikaweka mikono yangu nyuma.

"Sabuni ile pale, Dokta."

Alidhani natania. Nikarudia kwa sauti zaidi. Akanawa. Nikamwambia bado, kati ya vidole. Mzee mmoja kwenye benchi akaguna, na yeye akanawa upya, kichwa chini. Nilifurahi, Mama, sikufichi. Nilifurahi mpaka nikashindwa kunywa chai. Tangu siku hiyo hakuna daktari anayepita bomba bila kunawa wala anayeshusha barakoa kidevuni, na sijabandika bango jipya hata moja.

Nimemfanyia hivyo kila asubuhi. Jana alimaliza kunawa, akajifuta taratibu, akaniuliza chini chini: "Daktari, mbona siku zile hukuukataa?"

Niliupokea mkono ule kila asubuhi, kwa mikono miwili, na Mama Doto alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, ananitazama mimi niliyesoma.

Nikamwambia anawe tena.

Kwa hiyo suala la kumsamehe tuliache kwanza, Mama. Si huyo peke yake ninayemdai.

Nisalimie Baba, shangazi wa mashine ya kusaga, na kaka mkubwa, mwambie viatu alivyonitumia vimenitosha. Nikija likizo usinikimbilie njiani kunikumbatia. Nitengee maji na sabuni mlangoni, na usinionee huruma, nisimamie mpaka nimalize.

Mwanao,
Edeltruda