Kocha Asiyetoa Senti

Shangazi Loretta mpendwa,

Huku Nebraska theluji imegoma kuyeyuka. Mama anakusalimu.

Kocha wa mpira wa kikapu wa chuo kimoja cha matajiri alikuja kunitafuta, akala pai ya mama vipande viwili. Baba akamuuliza, "Mtampa kiasi gani acheze?"

"Kwa kucheza, hatutoi hata senti. Chuo kitamlipia ada yote kwa sababu kipato chenu ni kidogo."

"Sisi si ombaomba!" baba akafoka. "Chuo cha jimbo kitamlipia kwa jasho lake!"

Nikadakia, "Na nikiacha kucheza je?"

"Ada italipwa vilevile."

Baba kanuna, lakini nimeshasaini kwa kocha huyo. Usimwambie kaka yako, shangazi: lile goti langu bovu limevimba tena. Safari hii sikulia.

Mwanao asiyetikisika,
Corinne