Mrithi Niliyemwandika Kwenye Fomu ya Hisa

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimechoka, na nakuandikia hivyo hivyo nilivyochoka, nimekaa kitandani kwenye nyumba ya wageni hapa Kariakoo, mchana wa jua kali, feni inazunguka bila kuleta upepo.

Nimekuja Dar likizo ya wiki mbili kutoka Uholanzi, na siku tano zimeishia kwenye jambo moja: kufungua akaunti ya kununulia hisa. Ungesema, "Karatasi hizo." Ulipenda mali inayoshikika. Unakumbuka pale dukani kwako kwa vipuri vya magari, mtaa wa Gerezani, ulivyokuwa ukiniziba macho kwa kiganja, unaniwekea beringi mkononi? "Ya gari gani?" Nilikuwa kidato cha pili, na sikukosea mara nyingi. Ulikuwa ukiwatambia wateja: "Huyu ndiye fundi wangu."

Halafu duka ukampa Eliudi, mdogo wangu, ambaye wakati ule plagi alikuwa hata haijui. Nilipokuuliza, hukuinua macho. "Wewe utaolewa, mwanangu. Duka litaenda kwa watu."

Sikuolewa. Nilikwenda Uholanzi, naogesha wazee kwenye nyumba wanakotunzwa. Siku uliyofariki nilikuwa namvalisha soksi baba wa mtu mwingine. Sasa mgongo umeanza kugoma. Nataka siku nikirudi nikute hapa kitu changu, kidogo tu, ambacho hakuna wa kunipangia apewe nani. Ndiyo maana nikafikiria hisa.

Nilianza kuomba nikiwa kule kule. Wakala wa hisa wa hapa akanirudishia maombi mara tatu. Mara bili ya umeme ya kuthibitisha makazi iko kwa Kiholanzi, mara tafsiri haina muhuri, mara sahihi yangu haifanani na ile ya kwenye kitambulisho. Nikakata tiketi, nikaja mwenyewe.

Jana, ofisini kwao karibu na Mnazi Mmoja, binti mmoja alipitia fomu yangu mstari kwa mstari.

"Unaishi wapi, dada?"

"Uholanzi."

"Na hapa?"

"Hapa sina kwangu."

Akaniangalia kidogo, kisha akaweka kidole kwenye fomu. "Sehemu ya mrithi umeiacha wazi."

"Ni lazima?"

"Lazima. Uko mbali hivyo, likikupata jambo tutampigia nani?"

Nilikaa na kalamu muda mrefu. Mama alitangulia kabla yako. Mtoto sina. Amebaki mtu mmoja tu, na tangu tulipokuzika tulikuwa hatusemeshani. Siku ile nilimwambia mbele ya waombolezaji kwamba amekula jasho langu.

Nikampigia.

"Eliudi, naomba namba ya kitambulisho chako."

"Dada? Mbona namba ya hapa? Uko Bongo?"

"Niko Mnazi Mmoja."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Usiondoke hapo. Nakuja."

Alikuja kwa miguu, shati limelowa jasho, vidole vina grisi. Ameota mvi, Baba. Akalisoma lile neno, mrithi.

"Mimi?"

"Nani mwingine?"

Akavuta kiti, akakaa, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, duka lile sikuliomba. Nilitaka kusoma ualimu. Baba aliponipa funguo nililia chooni, nikanawa uso, nikafungua."

Hilo sikulijua. Wewe ulilijua? Miaka yote hii nimemkasirikia yeye kwa neno ulilolisema wewe, na yeye kakaa kwenye kiti nilichokitamani, akitamani kuondoka. Nililiandika jina lake. Nikafika kwenye sahihi, na yule binti akaniuliza kama sahihi itafanana safari hii.

Ilifanana. Leo asubuhi ujumbe umeingia kwenye simu kwamba akaunti iko tayari. Nilidhani nitafurahi. Nilikaa tu, kama mtu aliyetua mzigo na mabega bado yanauma. Sijakusamehe yote, Baba. Nakupenda, na bado sijakusamehe yote, na sina nguvu ya kuchagua moja.

Eliudi yuko chini, amekuja kunichukua twende dukani. Nimemwambia kwenye simu kwamba nitakaa kwenye benchi la wateja.

"Benchi la nini?" amesema. "Utapita ndani, dada."

Pumzika, Baba. Mimi ngoja nishuke.

Binti yako wa kwanza