Rubani Hakurudi Alhamisi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumai umzima, na kile kikohozi cha kuingiza kichwa kwenye majokofu ya watu unayoyatengeneza kimekwisha. Wifi naye hajambo? Huku mama hajambo, cherehani haijambo, mimi peke yangu ndiye mwenye jambo.

Usishangae kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Simu ya nyumbani ni moja, na siku hizi nimeiweka isome kila ujumbe kwa sauti. Sababu yake utaiona huko chini. Kwa hiyo ule ujumbe wako wa kuniuliza kama akili ya mama imeanza kuruka ulisomwa sebuleni, mwenyewe anakunywa chai. Akasema tu kwamba mwanawe hajawahi kujua kuuliza jambo kwa adabu. Ndiyo maana barua hii nimempa mkononi dereva anayetuletea vitambaa.

Kwanza niache nimalize hasira zangu. Ile sehemu ya Alhamisi ya tamthilia yetu, kaka, ilikuwa dharau. Msimu mzima tumengoja Rubani arudi kwenye chombo cha anga. Tumemvumilia yule roboti mpishi na vichekesho vyake visivyochekesha. Tumevumilia sayari tatu ambazo hata mtoto anaona ni machimbo yale yale ya kokoto, wamebadilisha rangi ya taa tu. Yote kwa sababu tuliahidiwa kwamba Alhamisi hii Rubani atabisha mlango wa chombo, na Kamanda, mama yake mzazi aliyemfukuza, ataamua kumfungulia au kumwacha aelee huko nje. Nikafunga kazi mapema, wateja wa sare za shule nikawaambia warudi kesho. Tukapewa nini? Lifti. Watu wanne wamekwama kwenye lifti, wanakumbushana mambo ambayo sote tulikwisha kuyaona. Mhandisi anawauliza wenzake kama wanaikumbuka siku ya moto, tunarudishiwa moto. Daktari anasema haitamtoka moyoni ile siku ya mafuriko, tunarudishiwa mafuriko. Chombo kinapita katikati ya nyota, lifti imewashinda. Wanasema subira huvuta heri. Yetu imevuta lifti. Rubani hatukumwona hata kisogo. Kinyozi wa hapo chini, ambaye hutazama huku ananyoa, alikasirika mpaka mteja wake akatoka na upara ambao hakuuomba.

Sasa wewe ukapiga simu Ijumaa kama kawaida yako, ukamkuta mama anakusimulia sehemu nyingine kabisa. Akakwambia Rubani alibisha, Kamanda akawaondoa walinzi wote, akashuka ngazi mwenyewe, akafungua mlango kwa mkono wake na hakuuliza swali hata moja. Ukamwambia hakuna kitu kama hicho, ilikuwa lifti mwanzo mpaka mwisho. Mama akakata simu. Tangu mlipokosana hamna kingine cha kuzungumza zaidi ya tamthilia hiyo. Hakuna kuulizana afya, hakuna pole ya kazi, ni Rubani na Kamanda wiki nenda wiki rudi, na mimi nimekaa katikati yenu. Sasa hata hicho kidogo kimekatika, na kimya chenu kimenichosha kuliko mlipokuwa mnagombana.

Akili ya mama ni nzima kuliko yangu na yako. Sehemu hiyo niliitunga mimi.

Ilikuwa hivi. Tumekaa kwenye kochi, lifti haitikisiki, muziki wa huzuni unapigwa bure. Mama akaniuliza Rubani amefika wapi. Nikamjibu bado. Akauliza tena, nikajibu bado. Mara ya tatu akaniuliza kama mama yake atamfungulia, na akanishika mkono, yeye ambaye unajua si mtu wa kushikana mikono. Nikapandwa na hasira na wale watunzi. Nikasema moyoni, kama kazi imewashinda, nitaifanya mimi. Nikamwambia mama ndiyo huyo, amefika, anabisha. Nikamvika Rubani koti lililochanika begani, kwa sababu nilijua ataniuliza kavaa nini. Nikamshusha Kamanda ngazi moja baada ya nyingine. Mama akalia, akajifuta kwa upindo wa gauni, na wale wajinga bado wako kwenye lifti yao.

Utauliza kwa nini mtu asimuliwe kitu kilicho mbele ya macho yake. Hapo ndipo penyewe, na nimekatazwa kukwambia. Mama haoni, kaka. Yule aliyekuwa akitusomea kwa sauti maandishi ya chini ya picha mpaka tunamwomba atuonee huruma, sasa ninamsomea mimi. Jicho la kushoto lilikwenda muda mfupi baada ya wewe kuondoka. La kulia linaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Unayakumbuka maneno yenu pale mlangoni. Ulimtaka akapasuliwe macho mapema, akakataa, ukamwambia basi siku akipofuka asikuite. Hakukuita. Amekuwa akikariri kila sehemu kutoka kinywani mwangu, ili Ijumaa akusimulie na wewe usishtuke. Mimi nimeshiriki, na roho inaniuma.

Baada ya simu ile nikamwambia ukweli wa lifti, nikajiandaa kupigwa maneno. Akacheka. Akasema alijua tangu tukiwa kwenye kochi, maana sauti ya Rubani anaifahamu na jioni hiyo haikusikika hata mara moja, ila aliona afadhali hadithi yangu kuliko yao. Nikamuuliza kwa nini basi alikusimulia wewe kama kitu cha kweli. Akaniambia nikafunge dirisha, upepo unaingia.

Daktari wa macho anasema jicho la kulia bado linaweza kuokolewa, lakini si kwa kungoja ngoja. Nimemsihi mama, nimemnunia, nimemleta mpaka kinyozi aje amshawishi. Jibu lake ni moja: atapelekwa na yule aliyemwambia aende mwanzo. Kukuita hataki, na wewe unangoja uitwe. Mmefanana mpaka mnakera.

Basi Ijumaa usipige simu. Njoo. Dereva huyu huyu anarudi huku na kiti cha mbele hakina mtu. Ukifika bisha, halafu usiwe na haraka. Mwache mama akitafute kitasa mwenyewe, usimsaidie ukiwa huko nje, atakasirika.

Nisalimie wifi sana, mwambie gauni lake liko tayari, limebaki kupigwa pasi. Mama hakusalimu, maana hajui kwamba nakuandikia, lakini wewe jihesabu umesalimiwa. Na lile koti lako la kazi lililochanika begani, ambalo nilitaka kulishona ukaondoka nalo, njoo umelivaa hivyo hivyo. Atalipapasa.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano