Mkono wa Ampem

Bonwire

Kwa wifi yangu Dufie,

Natumai barua hii inakukuta mzima huko Takoradi, na watoto homa imewaachia. Sisi hapa tunapumua, mradi kunakucha.

Umeuliza habari za mdogo wako. Unajua Ampem alivyoteleza na kile kioo cha dirisha, kikamkata kwenye kiwiko cha mkono wa kulia. Daktari wa Kumasi aliushona mshipa wa fahamu. Alitueleza kwamba sehemu iliyo mbele ya mkato hufa, kisha nyuzi huchipua upya kutoka penye mshono kuelekea vidoleni, polepole, kama milimita moja tu kwa siku. Akanifundisha kugonga kwa ncha ya kidole kufuata njia yake: panaposhtuka kama umeme, ndipo zilipofika. Alisema pia kwamba huweza kukwama njiani, na hakuna dawa ya kuzisukuma.

Basi kila Jumapili tukitoka kanisani yeye hufumba macho, mimi nagonga. Amekuwa akiniambia zinasogea. Nikakuandikia kwa furaha, nawe ukamwagiza afume kitambaa cha kente cha harusi ya binti yako. Wafumaji wenzake hupita wakimtania, “Bosi, likizo haijaisha tu?” Huwajibu, “Mkono uko safarini. Ukirudi nitawaita.”

Siku moja aliipua sufuria ya supu kwa mkono uleule aliosema umeamka. Hakushtuka. Alikuwa ananiambia, “Sogea tule, Serwaa,” na ngozi inababuka. Nikamnyang'anya sufuria. Akautazama mkono kama wa mtu mwingine.

Wifi, sijui nikuelezeje. Jumapili iliyofuata, alipofumba macho, nilimgonga kiganjani mara chache, kisha nikagonga benchi tulilokalia. Sikumgusa kabisa. Akatabasamu, akasema, “Hapo. Zimefika hapo.”

Nikamwambia, “Vizuri, mume wangu.” Ananidanganya ili nisikate tamaa, nami sina cha kumpa badala ya uongo huo. Kila Jumapili bado nagonga.

Tafuta mfumaji mwingine, ila tafadhali usimwambie. Nisalimie shemeji na watoto wote. Ampem yuko kibarazani, anakusalimu sana. Amenituma nikuandikie kwamba mkono unaendelea vizuri.

Nimeandika.

Wifi yako,
Serwaa