Jumapili ya Mashariki na Magharibi

Cleveland, 28 Juni 1952

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta na nguvu, na kile kikohozi cha kiwandani kimekuachia upumue kidogo. Mimi mzima, ila magoti yanalalamika kama ya mdakaji yeyote anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Shangazi Ludie hajambo? Mwambie huku sijapata mtu wa kupika mboga kama yeye.

Najua hujajibu barua zangu tangu nilipoiacha Nyundo ya Bessemer. Sikulaumu. Timu ni yako, besiboli ulinifundisha wewe, nikiwa bado nakojoa kitandani. Halafu ligi ya wazungu ilipopiga simu nikabeba begi. Lakini hili siwezi kukaa nalo peke yangu: nimechaguliwa mechi ya nyota, ya wachezaji bora wa ligi zote mbili kubwa. Philadelphia, Jumanne tarehe nane Julai. Mdakaji wa akiba.

Tiketi ya treni nimeitia humu. Wenzangu weusi hapa wana wake zao. Mechi ikiisha wanakwenda nyumbani, mimi nakwenda chumbani kwa Bi Odessa ninakopanga, nakula, natazama ukuta. Nikipiga vizuri sina wa kumwambia. Njoo unitazame mara moja tu, Baba, useme kama nafaa.

Mwanao,
Leander


Bessemer, 3 Julai 1952

Mwanangu Leander,

Marahaba. Nakohoa lakini napumua. Shangazi yako hajambo, anasema kama unataka mboga njia ya kurudi unaijua.

Hongera. Siji. Tiketi nakurudishia, usije ukasema mzee kaiuza. Nina wachezaji kumi na wanne na basi la kusukuma kila asubuhi. Nikiondoka siku tatu nitakuta wamebaki kumi, na basi limewashinda.

Halafu nikuulize, nani kakuchagua? Wanaoanza mechi wamepigiwa kura na mashabiki. Wewe wa akiba umechaguliwa na kocha mmoja. Mimi mwaka wa thelathini na nne nilichaguliwa na wapishi, makuli na wafua nguo, watu waliokata karatasi ya kura kwenye gazeti letu wakanunua na stempu. Wazungu walianza mechi yao ya nyota Chicago, Julai ya mwaka wa thelathini na tatu. Septemba sisi weusi tukaanza yetu, Mashariki na Magharibi, uwanja uleule, na ikafika miaka tukawa tunawazidi kwa watu. Treni za kutoka kusini zilijaa kofia za kina mama. Mwaka wangu tulifungwa moja bila, na bado nilitembea Chicago kama meya.

Sasa kila anayeng'aa pale anahamia kwa wazungu. Mwaka huu kocha wa Magharibi ni mimi, Jumapili tarehe kumi na saba Agosti. Ukitaka nikutazame, njoo ukae kwenye benchi langu siku hiyo.

Baba yako


Philadelphia, 8 Julai 1952

Baba,

Shikamoo. U mzima? Mimi nimeloa mpaka soksi.

Mvua ilikuwepo tangu asubuhi, tukacheza hivyohivyo. Zamu ya tano kocha akanishika bega. "Tolliver, zamu ya sita unaingia." Nikafunga kinga za miguu. Nikazikaza mara tatu, mimi niliyedaka mbele ya walevi wa Bessemer wakirusha chupa. Zamu ya tano ikaisha, mwamuzi akatazama juu, akatuita wote ndani. Tukasubiri. Kisha wakatangaza basi, zamu tano kati ya tisa zinatosha kuwa mechi. Tumefungwa tatu kwa mbili.

Watu wakakimbilia milangoni. Wachezaji wakapeana mikono, wakaenda na wageni wao. Nilibaki benchini na kinga zangu miguuni, natazama turubai likijaa maji, mpaka mfagiaji akaniomba nimpishe.

Sikusumbui tena habari ya kuja. Nilitaka tu kumwambia mtu kwamba nilibakiza kidogo niingie. Nina upweke, Baba, na sioni haya kuusema.

Mwanao,
Leander


Bessemer, 13 Julai 1952

Mwanangu,

Marahaba. Badilisha hizo soksi, mdakaji mwenye mafua hafai hata kufukuza kuku.

Siku ya mechi yako Hosea kinyozi alitoa redio yake akaiweka mlangoni. Mimi nilikuwa nimesema siendi. Shangazi yako akanikuta navaa viatu, akaniletea kofia kabla sijaiomba. Mtaa mzima ulikuwepo. Mchungaji alikatiza kunyolewa, akakaa na nusu ya kichwa. Mtangazaji akivuta pumzi tunadhani sasa anakutaja. Akasema mvua. Halafu akasema imekwisha. Hosea hakuizima ile redio, ikapiga muziki, nasi tumekaa palepale kama watu waliosahau njia ya kwao. Wakaondoka mmojammoja, hakuna aliyenitazama usoni.

Nilikasirika sana. Safari hii si wewe uliyenikasirisha, ni mvua.

Kwa hiyo sasa nakuomba, sikuamuru. Chukua ruhusa uje Chicago. Hutacheza, utakaa tu na mimi benchini watu watuone, wajue baba na mwana hawajaachana. Nami mwenyewe nijue.

Baba yako


Cleveland, 11 Agosti 1952

Baba mpendwa,

Shikamoo, na salamu kwa Shangazi. Habari niliyo nayo si nzuri.

Nimeomba ruhusa nimenyimwa. Mdakaji wetu wa kwanza amevunjika kidole, Jumapili hiyo nadaka mimi. Timu ya White Sox ya Chicago inakuja kucheza kwetu, ndiyo maana uwanja wao mmeupata nyinyi. Nikamwambia kocha baba yangu ananingoja. Akasema hata yeye ana baba.

Nisamehe. Huku nitakuwa kwa mwili tu.

Mwanao,
Leander


Chicago, 18 Agosti 1952

Mwanangu Leander,

Marahaba. Nakuandikia stesheni nikingoja treni, benchi gumu, kahawa mbaya, mwenyewe mzima. Barua yako niliikunja nikaitia mfukoni nikaapa siijibu. Nimeghairi, na sababu nakueleza.

Ghorofa ya juu ya uwanja ilikuwa tupu. Zamani kina mama walikaa kwenye ngazi kwa kukosa viti, jana mtu angeweza kutandika akalala. Waliokuja walijikusanya chini, nyuma ya benchi letu. Vijana walicheza vizuri, asikudanganye mtu.

Zamu ya nne tulikuwa sare. Kijana wangu yuko kwenye kupiga, mrushaji kaushika mpira, hajaurusha, anachezea udongo kwa kiatu. Mimi nimesimama kando ya kituo cha tatu, mahali pa kocha, nampa mpigaji ishara. Ghafla watu wakainuka, wakapiga kelele, kofia zikaruka juu. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, hakuna kilichotokea. Mrushaji anashangaa. Mpigaji wangu anajikagua, anadhani suruali imempasuka.

Nikamsogelea mama mmoja wa mstari wa mbele, ana redio ya betri mapajani. Hapo ndipo nilipoona kwamba redio zilikuwa kila mstari. Watu walikuwa wanatazama mechi yetu na kusikiliza yenu. Nikamuuliza kuna nini.

"Leander Tolliver kaupiga mpira umeruka ukuta wa uwanja, kapata alama," akasema. "Wewe kocha mzima huna habari?"

Nikamwambia yule ni mwanangu. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Sasa huku unatafuta nini?"

Hakukusudia kunitusi, aliuliza tu. Nikarudi mahali pangu na sikuweza kutoa ishara yoyote, kijana akakosa mipira mitatu akatoka, na kosa ni langu. Nilifurahi, mwanangu, nilifurahi mno. Na sijapata kuwa mpweke namna ile, nimesimama kati ya watu wangu wanaishangilia damu yangu, na mchezo wangu hakuna anayeutazama. Tulipoanza tena ilibidi mwamuzi aniite jina mara mbili.

Mechi hii itakufa. Labda si mwakani, lakini itakufa, na Nyundo sidhani kama itaiona masika. Usijitie lawama. Nilikuita uje upande wangu watu waone hatujaachana, kumbe watu wote walishahamia upande wako, nimebaki mimi niliyekuzaa. Uliniuliza kama unafaa. Unafaa, Leander. Ulifaa tangu zamani, mdomo wangu ndio ulikuwa mzito.

Yule mama hajui mpira, na kelele zilimfunika mtangazaji. Kwa hiyo niandikie upesi. Mrushaji aliuleta juu au chini? Ulikuwa umesimama karibu naye au umerudi nyuma? Na ulipoupiga, ulijua palepale au ulikimbia kwanza? Niandikie vyote, usiruke kitu, nataka niuone.

Baba yako