Mshipa wa Marwa na Msimu wa Tohara

Jumatatu, 2 Desemba
Ninaandika kwa sababu mchana kutwa ninazungumza kwa uhakika nisio nao, na lazima pawe na mahali pa kusema kweli. Raundi ya wodi: wagonjwa thelathini na mmoja. Miguu inauma. Majibu ya Marwa yamerejea kutoka Mwanza. Ana miaka kumi na mitatu, wa kijiji cha Susuni. Kifua humbana akikimbiza ng'ombe. Picha zinaonyesha kuwa mshipa mmojawapo unaoupelekea moyo damu umetanuka kama puto. Pengine ni athari ya homa kali ya utotoni. Ndivyo nilivyoshuku tangu awali. Nilifurahi kuwa sahihi. Naona aibu.

Jumanne, 3 Desemba
Tumemwanzishia aspirini na dawa ya kuzuia damu isigande. Ikiganda ndani ya uvimbe ule, moyo unaweza kusimama. Nimemweleza babu yake, Mzee Chacha, kwa ufasaha, nadhani. Akauliza iwapo kijana ataweza kutahiriwa na wenzake wiki ijayo. Nikasema hapana, atavuja damu hadi afe. Akacheka bila furaha.
"Sasa daktari, hapo umemponya nani? Kwetu asiyetahiriwa hubaki mtoto; unaturudishia mtoto mwenye ndevu."

Ijumaa, 6 Desemba
Kipimo cha kuganda kwa damu hakijabadilika hata kidogo. Nilikuwa nimekwisha kuandika dozi kubwa zaidi. Muuguzi Ghati akainua godoro la Marwa: vidonge vya siku tatu, vimefungwa katika kipande cha gazeti.
"Nataka damu yangu igande kama ya wenzangu," Marwa alisema. Hakulia.
Nimefuta dozi ile. Nilikuwa nimemweleza kila mtu isipokuwa yeye.

Jumamosi, 7 Desemba
Nimechoka. Basi.

Jumapili, 8 Desemba
Nimempigia simu daktari bingwa wa moyo. Tohara inawezekana, hospitalini, chini ya uangalizi wake, baada ya miezi kadhaa. Si msimu huu. Nikaketi kitandani kwa Marwa, nikamwambia yote, hata kwamba anaweza kufa. Akauliza kama atahesabiwa rika moja na wenzake. Nikamgeukia babu yake. Mzee Chacha naye hana mamlaka hayo. Wanaoamua ni wazee wa ukoo.
"Njoo uwaambie mwenyewe," mzee alisema. "Uanze na shikamoo, halafu usubiri uulizwe."
Marwa amemeza vidonge mbele yangu, kwa sharti kwamba niende.
Jumanne, saa tatu asubuhi, Susuni.