Tuta Tulilorukia Baiskeli

Rafiki yangu Mayunga,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya aibu. Tuta letu halipo tena.

Mwezi uliopita tuliitwa mkutano wa kijiji. Shule inaongezwa madarasa, kifusi hakitoshi. Mtu akasema lile tuta la kurukia baiskeli kilimani lina udongo mzuri, na limekaa bure tangu ufe. Wanaokubali wakaambiwa wanyooshe mikono. Nilinyoosha, Mayunga. Mkeo Minza alikaa mbele yangu. Hakugeuka.

Na tulilijenga sisi wawili, udongo tukiubeba kwa mkokoteni wa ng'ombe wa baba yako! Kila pamba ilipokwisha kuvunwa, watu walikuja hadi kutoka Shishiyu kutazama baiskeli zikishuka mteremko ule na kupaa. Siku foki ya baiskeli yako ilipokatika ukaangukia miba, kina mama walipiga mayowe. Ukainuka, damu inachuruzika gotini, ukasema, "Mhola duhu, salama tu," watu wakakubeba juu juu.

Kisha nikanunua pikipiki. Mvua zilipolikata tuta ulinipigia: "Limbu, njoo tuzibe." Nikajibu kesho, nina abiria wa Maswa. Vijana wengine nao wakahamia kwenye bodaboda. Mwaka wako wa mwisho uliziba peke yako, ukaruka peke yako. Nilikuona kutoka barabarani. Nikapiga honi, nikapita. Halafu homa ile... nilifika hospitali wameshakufunika.

Wananiambia homa haikutokana na tuta. Najua. Lakini ningeweza kusimama siku ile.

Jana binti yako Kabula alinikuta pale kilimani. Pamebaki shimo la maji ya mvua, mbuzi wanakunywa. Akauliza, "Baba mdogo, ni kweli baba aliruka hapa?" Nikamwonyesha ulipoanzia kushuka, ulipopaa, ulipotua. Akasema naye anataka kuruka. Nikampeleka kwa mama yake, nikidhani atamkatalia. Minza akaendelea kupepeta mtama, akasema, "Aliyelitoa alirudishe." Jina langu hakulitaja.

Nitalirudisha. Pamba ikitoka shambani naanza kuchimba, awepo wa kunisaidia au asiwepo. Na siku Kabula atakaposhuka mteremko ule, atanikuta nimesimama pale atakapotua.

Pumzika, ndugu yangu.

Limbu